Bora Kuliko Nani?

Utani huu umezeeka Tanzania lakini makali yake hayajaisha: tuliomba elimu bora, tukapewa bora elimu. Maneno ni yaleyale mawili, kilichogeuka ni lipi limetangulia. Likikaa nyuma ya nomino, bora ni sifa, kama katika mbegu bora, makazi bora na lishe bora. Likitangulia, linageuka kuwa pumzi ya mtu aliyekwisha punguza matarajio: bora uzima, bora liende, bora tumefika. Mzazi anayejibu "bora elimu" akiulizwa habari za shule ya kata yake ametoa ripoti nzima, na hakuna kamati inayohitaji kuiandika upya.

Wanaofanya kazi ya kutathmini shule za umma hulipenda sana neno ubora, nami sina ugomvi nalo. Ninachotaka ni kulitazama kwa karibu, kwa sababu naona linatupeleka mahali ambapo si lazima tulitaka kwenda. Chakula kizuri kinaweza kuwa kizuri peke yake mezani. Chakula kilicho bora kimeshashindanishwa na kingine, hata kama hicho kingine hakitajwi. Wanasiasa na mabwana shamba walipotuletea kilimo bora na ufugaji bora, kila mkulima alijua upande wa pili wa mizani: mbegu zake za kienyeji, ng'ombe wake wa asili. Bora kuliko nini ilieleweka. Neno hilo lilipohamia shuleni lilikuja na mizani yake, na kwa kuwa upande wa pili haukutajwa, tukaujaza kwa kile kilichokuwa karibu, yaani shule nyingine.

Ndivyo tulivyopata shule kumi bora. Kwa miaka mingi, siku ya kutangaza matokeo ya kidato cha nne ilikuwa na sehemu mbili: takwimu za ufaulu, ambazo wachache walizisikiliza, na orodha ya kumi bora na kumi za mwisho, ambayo kila mtu aliingoja. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza mwaka 2013, kila shule ya msingi nchini ilipangwa kwa nafasi yake, ndani ya wilaya na ndani ya taifa, na kupewa rangi: kijani, njano au nyekundu. Mwalimu mkuu aliyekuwa hajui yuko wapi katika safu ya shule za wilaya yake sasa alijua, na afisaelimu wake alijua pia.

Je, ilisaidia? Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliifuatilia hatua hiyo kwa takwimu za nchi nzima, na walichokikuta kinastahili kusomwa taratibu. Shule zilizokuwa mkiani kabisa katika wilaya zao zilipandisha matokeo. Papo hapo, shule hizohizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika darasa la mwisho na kukaa kwenye mtihani. Mtoto dhaifu akibaki nyumbani, wastani unapanda. Shule ikawa bora kuliko jirani yake bila mtoto huyo kuwa bora kuliko alivyokuwa jana. Sidhani kama walimu hao walikuwa na roho mbaya. Waliambiwa wawe bora, na neno hilo, likichukuliwa kwa maana yake halisi, linataka umpite mwenzio.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba orodha ile ilikuwa imegeuka tangazo la bure la biashara kwa shule zenye uwezo wa kuchagua wanafunzi. Kenya nayo ilikwisha jaribu mwaka 2014 kufuta upangaji wa nafasi, ukarudi 2016, na ubishi haujaisha. Mimi nasimama na waliofuta. Lakini nimeona magazeti na mitandao ikitengeneza kumi bora zake siku ileile matokeo yakitoka, na sishangai. Kufuta orodha ni rahisi kuliko kufuta sifa inayouliza "kuliko nani?" kila inapotamkwa.

Tuna maneno matatu ya kujua mtoto ameshika nini: mtihani, upimaji na tathmini. Yana asili tofauti, na asili hizo bado zinanukia.

Mtihani umetoka kwenye mzizi wa Kiarabu uleule uliozaa neno la dhiki na masaibu. Kiswahili hakikulisafisha. Mtu akifiwa huku ameuguliwa, majirani husema amepata mtihani. Mungu hutoa mitihani, na katika mitihani ya Mungu hakuna anayeshika nafasi ya kumi. Mtoto wa darasa la saba anayesikia neno hilo msikitini au kanisani asubuhi na kulisikia tena shuleni mchana analichukua na uzito wake wote.

Upimaji ni neno la kazi ya mikono. Pima ilikuwa kipimo kabla haijawa kitenzi cha hospitali: urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kipimo cha kuuzia nguo na kamba. Ukipima kitu hujakishinda wala hujakihukumu, umejua tu urefu wake. Tathmini ni ndugu wa thamani: kutathmini ni kusema kitu kina thamani gani. Mthamini wa ardhi na mtathmini wa mtaala wamezaliwa nyumba moja.

Kwa hiyo mtu aliyeamua kwamba darasa la nne na kidato cha pili wafanye Upimaji wa Kitaifa, na darasa la saba na kidato cha nne wafanye Mtihani, alijua alichokifanya. Alitaka watoto wa miaka kumi wanyooshewe kamba, wajulikane walipofika, wasaidiwe. Karatasi za Baraza zinaitunza tofauti hiyo kwa uangalifu. Halafu nenda mtaani. Hakuna mzazi anayesema mwanawe anafanya upimaji. Anafanya mtihani wa darasa la nne, amewekwa kambi, analipiwa tuisheni, amefanya moko. Hata walimu wakizungumza wao kwa wao husema mtihani.

Wapenzi wa istilahi huona hapa uvivu wa wasemaji. Mimi naona wasemaji wako sahihi. Mtoto aliyefanya vibaya kidato cha pili alirudishwa kukariri darasa. Shule iliyofanya vibaya ikaitwa mbele ya mkurugenzi. Jambo lenye adhabu mwishoni ni mtihani, uliite utakavyo. Neno hushika maana kutokana na yale yanayofuata likishatamkwa, na wasanifu wa istilahi hawana mamlaka juu ya yanayofuata. Kenya inatupa ushahidi mzuri wa pande zote mbili. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023 baada ya karibu miongo minne, nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na KPSEA ya gredi ya sita, ambayo jina lake rasmi linasema tathmini. KPSEA haikumchagua mtu: gredi ya saba iliwekwa katika shule zilezile za msingi walimokuwa, na watoto wakavuka pamoja. Kelele zikapungua, na neno tathmini likaanza kuaminika. Mwaka 2025 ilipofika KJSEA ya gredi ya tisa, ambayo nayo ni tathmini kwa jina lakini ndiyo inayoamua mtoto aende sekondari ya juu ipi, presha ya zamani ilirudi na msamiati wake wa zamani.

Hakuna mahali neno limefanyiwa kazi ngumu kuliko chini kabisa ya orodha ya madaraja. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa takriban 240,000 walikuwa wamepata daraja sifuri, sita kati ya kila kumi. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na mwezi Mei serikali ikafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011, kwa kuwa mwaka ule Baraza lilikuwa limebadili namna ya kukokotoa alama. Yalipotoka tena, waliopata sifuri walikuwa takriban 210,000.

Watu 30,000 hivi waliamka siku moja wakiwa wamefeli, wakalala siku nyingine wakiwa wamefaulu, na katikati hawakuandika hata sentensi. Sisemi walionewa au walipendelewa. Nasema ufaulu, neno ambalo vichwa vya habari hulitumia kana kwamba ni joto la mwili wa taifa, ni mstari ambao mtu ameuchora, na mwingine anaweza kuuchora pengine. "Ufaulu umepanda kwa asilimia tatu" ni sentensi inayohitaji kuulizwa mstari ulikuwa wapi mwaka jana. Tena karibu masomo yote ya kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza, ukiondoa Kiswahili na lugha chache nyingine. Sifuri zile za baiolojia na historia nyingi zilikuwa za lugha kabla ya kuwa za baiolojia. Neno ufaulu haliwezi kukuambia ni ipi.

Kilichofuata ni historia ya majina. Mwishoni mwa 2013 wizara ilitangaza kwamba sifuri inaondolewa na mahali pake kunakuja daraja la tano. Sifuri, tuliambiwa kwa namna fulani, inavunja moyo. Vicheko vilikuwa vingi mno, na daraja la tano likafa kabla halijapata mtu. Halafu ikaja GPA, wastani wa pointi, uliotumika kwa matokeo ya kidato cha nne ya 2014, na wazazi wakaanza kuulizana pointi mbili nukta nane ni sawa na divisheni ngapi. Januari 2016 waziri mpya, Joyce Ndalichako, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza hilohilo, akarudisha divisheni. Katika muda wote huo kijana wa mtaani hakubadili msamiati wake: kuna kupasua, na kuna kupata ziro.

Kwa wanaokagua shule, badiliko la jina lilikuwa na nia ya heshima zaidi. Ukaguzi ulikuwa neno la kutisha. Wakaguzi wanakuja, na usiku huo maandalio ya somo ya wiki tatu yanaandikwa kwa kalamu mbili za rangi tofauti ili yasionekane yameandikwa usiku mmoja. Azimio la kazi linapigwa mhuri, vumbi linapigwa ufagio, mtoto asiyejua kusoma anakalishwa nyuma ya mrefu. Mkaguzi alifika, akaangalia alichoonyeshwa, akaandika ripoti. Ndipo kuanzia mwaka 2017 hivi ukaguzi wa shule ukabadilishwa kuwa Uthibiti Ubora wa Shule, na mkaguzi akawa mthibiti ubora, mtu ambaye kazi yake inatakiwa iwe kukaa darasani, kushauri na kurudi kuona kama ushauri umefanya kazi.

Hapa sauti moja ndogo inaleta vurugu kubwa. Sikiliza mikutano, soma barua na hata mabango: nusu ya watu wanasema udhibiti ubora. Tofauti ni th na dh, ulimi uko mahali palepale, koo tu ndilo linalotetemeka au kunyamaza. Lakini mizizi ni miwili. Kuthibiti kunatokana na neno la Kiarabu la kuwa imara, kusimama, kuwa kweli. Ndiko tulikopata thabiti na uthibitisho. Kudhibiti kunatokana na neno la kushika kwa nguvu, kuzuia, kutawala. Waarabu wa leo humwita ofisa wa jeshi au polisi kwa neno la mzizi huo. Mthibiti anakuja kuhakikisha kwamba kilichosemwa kipo. Mdhibiti anakuja kukamata.

Wahariri hulisahihisha kosa hilo, nami nikiwa na kalamu nyekundu nalisahihisha. Lakini nimeanza kufikiri kwamba wanaokosea wanasikia kitu. Kama ofisi ya wilaya haina gari, au gari lipo na mafuta hayapo, shule ya mbali itaonwa mara chache, na ile mara chache inayoonwa, mgeni atakuja na karatasi ya kujaza na muda wa saa tatu. Saa tatu hazitoshi kuthibiti, zinatosha kudhibiti. Ukitaka dh igeuke th vinywani mwa walimu, anza na mafuta ya gari.

Nchi inayopenda majina rasmi huzalisha majina ya mtaani kwa kasi ileile, na hayo ya mtaani ndiyo tathmini ambayo haikuagizwa na mtu. Azimio la Musoma la 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, na shule zikahitaji walimu kwa maelfu, kifupisho chake cha Kiingereza, UPE, kilipata tafsiri mpya: Ualimu Pasipo Elimu. Miaka thelathini baadaye, shule za sekondari za kata zilipoota kila mahali na walimu wakaandaliwa kwa mafunzo ya muda mfupi, wakaitwa voda fasta, jina la vocha ya simu. Shule za binafsi zilipojipa majina ya watakatifu, mtaa ukaitangazia shule ya serikali mtakatifu wake: St. Kayumba. Maneno haya ni makatili, na mwalimu aliyeitwa voda fasta akafundisha vizuri kwa miaka kumi na tano ana haki ya kukasirika. Hata hivyo yanasema jambo ambalo takwimu za uandikishaji ziliacha, kwamba wingi ulikuja kwanza na watu walijua.

Wingi una istilahi zake nzuri. Napenda sana tundu la choo. Ripoti za elimu hazihesabu vyoo, zinahesabu matundu: tundu moja kwa wasichana ishirini, tundu moja kwa wavulana ishirini na watano. Hakuna tafsida, hakuna dhana pana, ni kitu ambacho mtu anaweza kukikuta akakihesabu kwa kidole. Uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi, 1:45, nao ni wa aina hiyo, na kitabu kwa mwanafunzi pia. Ni maneno ya kweli, na ndiyo sababu serikali na wafadhili huyapenda: madarasa yanajengwa, yanahesabika, yanazinduliwa. Shida yake ni kwamba yanapima kilichoingia shuleni. Utafiti mmoja ulioitwa KiuFunza, jina zuri lililounganisha kiu na kujifunza (msomaji mkorofi atakumbuka kwamba funza ni mdudu pia), ulifanywa katika shule 350 za msingi Tanzania mwaka 2013 na 2014. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha watoto kujifunza zaidi. Fedha zilifika, vitabu vilinunuliwa, mtoto akabaki alipokuwa. Ruzuku ilipoandamana na bahasha ya mwalimu iliyotegemea watoto kujua kusoma na kuhesabu, matokeo yalipanda. Ruzuku na motisha ni maneno mawili yanayokaa jirani kwenye bajeti, ila la pili lilikuwa limefungwa kwenye kitenzi.

Halafu kuna ngazi ya maneno ya kile tunachotaka mtoto awe nacho, na hapa wataalamu wamefanya karamu: maarifa, stadi, ujuzi, umahiri, umilisi, weledi. Stadi lilikuwa neno la mtu. Fundi stadi ndiye aliyetafutwa kwa mlango wa Zanzibar au jahazi la Lamu, na ustadi wake ulikuwa ndani yake. Leo stadi ni kitu, kinagawanyika, kinafundishwa kwa vipindi: stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ambazo mwaka 2015 zilipewa mtaala wake katika darasa la kwanza na la pili baada ya kugundulika kwamba tulikuwa tumerundika masomo juu ya watoto wasiojua herufi. KKK ni istilahi ninayoivulia kofia. Ina vitenzi vitatu, na kila kimoja unaweza kukigeuza swali mbele ya mtoto: anasoma? anaandika? anahesabu?

Tanzania ikienda juu zaidi husema umahiri. Kenya imechagua umilisi, na mtaala wake mpya unaitwa Mtaala wa Umilisi. Wenye kusoma isimu walishtuka kidogo waliposikia, kwa sababu neno hilo lilikuwa lao. Wanaisimu wa Kiswahili walilitumia kwa dhana ya Noam Chomsky ya 1965: umilisi ni ujuzi wa lugha uliomo kichwani mwa msemaji, na utendi ni kile kinachotoka mdomoni, pamoja na kigugumizi chake, uchovu wake na usahaulifu wake. Hoja nzima ya dhana ile ni kwamba umilisi hauonekani. Unachokiona ni utendi tu, na kutoka hapo unakisia.

Waliolichukua neno kwa ajili ya mtaala huenda hawakukusudia kubeba mzigo huo, lakini umekuja nao, na ni mzigo wa haki. Mwalimu wa Kenya anamwangalia mtoto akitenda, kisha anachagua kati ya ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Tazama jinsi bora lilivyoondoka. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho, kuna umbali kati ya mtoto na mahali fulani. Nalipenda badiliko hilo kuliko majina mengine yote niliyoyataja. Lakini matarajio ni ya nani? Mtoto wa Turkana na mtoto wa Nairobi wamewekewa alama moja barabarani, na mmoja wao ameanza kutembea akiwa na kitabu nyumbani. Ngazi ya nne, mbali na matarajio, ni kauli yenye adabu. Mzazi akiipokea mara tatu mfululizo ataanza kuiita ziro.

Neno lililonifurahisha kuliko yote katika habari hii halikutoka wizarani. Mwaka 2009 na 2010 asasi za Tanzania, Kenya na Uganda zilianza upimaji wao, zikiiga mfano wa ASER wa India, na kuuita Uwezo. Hawakwenda shuleni, walikwenda nyumbani. Mtu wa kujitolea anakaa na mtoto uani, anampa herufi, neno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto anasoma au hasomi. Swali lililoandikwa kwenye ripoti lilikuwa Je, watoto wetu wanajifunza? Ripoti ya kwanza ya Tanzania, ya 2010, ilisema mtoto mmoja kati ya watano waliomaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili, na kwa Kiingereza walioshindwa walikuwa nusu.

Miaka mitatu tu kabla ya hapo, kipimo kingine kilikuwa kimetupa habari nyingine kabisa. SACMEQ, inayolinganisha shule za kusini na mashariki mwa Afrika, iliwapima wanafunzi wa darasa la sita mwaka 2007, na Tanzania Bara ikaongoza kwa kusoma kati ya mifumo 15 ya elimu, mbele ya Ushelisheli na Morisi. Tulifurahi, na tulikuwa na haki. Bora kuliko nani? Kuliko wote. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba watoto wa Bara walisoma kwa Kiswahili, lugha waliyofundishiwa na wengi wao kuicheza, wakati majirani wengi walipimwa kwa Kiingereza.

Vipimo viwili hivyo havipingani. Cha SACMEQ kilitafuta wastani na nafasi, cha Uwezo kilimtafuta mtoto asiyeweza. Kimoja kilijibu swali la bora, kingine kilijibu swali la kuweza, na serikali yoyote inayotaka kurekebisha shule zake inaweza kuishi kwa miongo na jibu la kwanza bila kugusa la pili. Ukisema wilaya fulani ni ya tatu kitaifa, hujui ufanye nini kesho asubuhi. Ukisema katika shule hii watoto thelathini na wawili wa darasa la nne hawasomi aya, unajua uanze na nani, unajua wanaitwa nani, na mwezi wa sita unaweza kurudi kuuliza tena. Kitenzi kina mtenda.

Jaribio kubwa la istilahi hizi liko njiani. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo linaifanya elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, na elimu ya msingi iishie darasa la sita. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu Januari 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao darasa la saba la mwisho litafanya mtihani wake. Wa darasa la saba atafanya mtihani, wa darasa la sita atafanya upimaji, pengine kaka na mdogo wake wa nyumba moja, na Januari 2028 wote wawili watakuwa mlangoni pa kidato cha kwanza. Kwa mujibu wa sera, mdogo hawezi kukataliwa kwa alama, kwa kuwa miaka kumi ni haki yake. Basi vyumba vya madarasa vitakuwa vimehesabiwa vikatosha, au halmashauri itabidi ichague nani aingie kwanza. Ikichagua kwa alama, neno upimaji halitaishi hata muhula mmoja.